Tumenunua nyumba mbili jirani na shule yetu, je sheria za zoni zitaturuhusu kujenga kampasi ya miaka 20?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule binafsi, tuna watoto 380 na tupo katikati ya mtaa wa makazi. Shule ilianza kabla hata ramani ya zoni ya sasa haijapitishwa. Mwaka jana tumenunua nyumba mbili tunazopakana nazo, lengo ni ndani ya miaka 20 tufike watoto 720, tuwe na ukumbi, bwalo, maabara na uwanja wa michezo wenye taa. Mkandarasi anatuambia tusipeleke mpango mzima halmashauri maana tutawatisha, bora tuombe kibali cha jengo mojamoja. Mwenzetu mmoja kwenye bodi anasema kwavile shule ilikuwepo kabla ya sheria basi hatuguswi, na usajili wa wizara tunao. Bwalo tunataka kuanza mwezi ujao. Jirani mmoja ameshaanza kupiga picha magari ya wazazi asubuhi. Tuanzie wapi?"

Ndugu yangu, habari. Kwenye barua yako yote, mtu wa muhimu kuliko wote ni huyo jirani mwenye simu, na umemtaja mwishoni kabisa kama vile ni kero ndogo. Yeye ameshaelewa kitu ambacho bodi yenu bado haijakiona: ugomvi wenu na sheria za zoni (zile zinazosema kila eneo la mji litumike kwa kitu gani) hautakuwa juu ya majengo, utakuwa juu ya idadi ya watoto na magari yanayowaleta. Ukilishika hilo, mengine yote utayaona yanakaa mahali pake, kwa hiyo nitakuwa nalirudia rudia, nivumilie.

Tuanze na hayo mnayoambiana kwenye bodi. Usajili wa wizara unasema nyie mnaweza kufundisha, yaani walimu wapo, mtaala upo, vyoo vinatosha. Hausemi chochote kuhusu kile kiwanja kutumika vipi. Hayo ni mambo ya mamlaka ya mipango, na karibu kila nchi imeyatenganisha. Kenya yako chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 na kazi inafanywa na kaunti, Tanzania ni Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na kazi iko kwa halmashauri, England utaomba ruhusa kwa serikali ya mtaa hata kama wakaguzi wa elimu wamekupa sifa zote. Nimeshaona shule ina cheti cha usajili kimetundikwa ukutani kwenye fremu nzuri kabisa na bado jengo limewekewa alama ya kusimamisha ujenzi.

Hili la pili, la kwamba mlikuwepo kabla ya sheria, lina ukweli nusu na ndo maana ni la hatari. Sheria nyingi za zoni kweli zinalinda matumizi yaliyokuwepo kihalali kabla ya ramani mpya, haiwezekani serikali iamke asubuhi na kuichora shule nje ya sheria. Lakini kinacholindwa ni kile kilichokuwepo SIKU ILE. Shule ilikuwa na watoto wangapi siku ile? Majengo mangapi? Kwenye kiwanja kipi? Zile nyumba mbili mlizonunua mwaka jana hazikuwa shule siku ile, zilikuwa nyumba za watu kuishi, kwa hiyo ulinzi hauvuki fensi kwenda kule. England wao wameliweka wazi kabisa, nyumba ya kuishi iko daraja la C3 na shule iko daraja la F1 (zamani ilikuwa D1, walibadilisha Septemba 2020), na kutoka moja kwenda nyingine ni mabadiliko ya matumizi, unaomba ruhusa hata kama hujagonga msumari mmoja. Kuweka ofisi ya mhasibu na madarasa mawili ya muziki sebuleni kwa ile nyumba, ni mabadiliko tayari. Na hata kwenye kiwanja chenu cha zamani, sehemu nyingi ukipanua, ule ulinzi unaanza kuyeyuka, kwasababu nia ya sheria ilikuwa mambo ya zamani yabaki yalivyo au yaishe taratibu, haikuwa yakue.

Sasa kwanini shule, kitu ambacho kila mtu anakihitaji, inapata tabu hivi? Inabidi kurudi nyuma kidogo. Wazo la kugawa mji kwenye kanda lilianza kushika Ujerumani, Frankfurt walikuwa na kanuni zao 1891, New York wakapitisha za mji mzima 1916, na mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya kijiji cha Euclid kule Ohio ikasema ni sawa serikali ya mtaa kutenga eneo la nyumba za kuishi na kukataza biashara na viwanda humo ndani. Hayo yote yalilenga viwanda, maduka, na majengo marefu yanayoziba jua. Shule haikaagi vizuri kwenye hiyo picha. Lazima iwe karibu na nyumba kwasababu watoto wanaishi huko, ila asubuhi na jioni inafanya kazi kama stendi. Kwahiyo waandishi wa sheria wengi wakachagua njia ya kati: shule inaruhusiwa kwenye makazi KWA MASHARTI. Yaani hukatazwi, lakini huna haki ya moja kwa moja, unakwenda mbele ya bodi ya zoni unaeleza, majirani wanasikilizwa, halafu unapewa kibali chenye orodha ya masharti nyuma yake.

Mfano mzuri ni Washington, mji mkuu wa Marekani. Shule binafsi kwenye zoni za makazi inaenda kwenye bodi ya marekebisho ya zoni, na kipimo chenyewe ni kwamba shule isiwe kero kwa majirani kwa kelele, magari, idadi ya wanafunzi au vinginevyo. Umeona idadi ya wanafunzi imetajwa kwa jina? Ndo maana vibali vingi vya kule vina namba ya juu ya wanafunzi na mara nyingi namba ya juu ya wafanyakazi pia. Namba hiyo ikishaandikwa inakuwa ndo roho ya kibali chenu. Mnaweza kuwa na jengo zuri la ghorofa tatu nusu tupu kwasababu namba inasema 450, na hapo mtakuwa mmejenga kwa mkopo.

Kuna watu watakuambia mahakama zinazipenda shule, nenda kashtaki. Ni kweli kuna sehemu zinazibeba shule. Jimbo la Massachusetts lina sheria tangu 1950, wanaiita marekebisho ya Dover, inazuia miji kutumia zoni kukataza matumizi ya elimu ya taasisi zisizotafuta faida. New York mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1986 ilisema shule na makanisa wachukuliwe kuwa na faida kwa jamii, haiwezekani kuwafungia mlango moja kwa moja. Ila soma mpaka mwisho! Massachusetts hiyohiyo inaruhusu mji kudhibiti kwa kiasi urefu wa jengo, umbali kutoka mpakani, eneo la wazi, paking, sehemu ya kiwanja inayofunikwa. Na ile hukumu ya New York inaacha nafasi ya kuweka masharti na hata kukataa pale madhara kwa mtaa yanapozidi faida. Kwahiyo hata mahali sheria inakupenda, inakupenda na futi kamba mkononi.

Tuingie kwenye hesabu basi, maana hapa ndo bodi nyingi zinafumba macho. Hujanipa vipimo vya kiwanja kwahiyo nachukua namba za mfano tu, wewe utaweka zako. Tuseme kiwanja chenu cha zamani ni mita za mraba 9,000 na kila nyumba mliyonunua ina 1,500, jumla 12,000. Zoni inasema uwiano wa sakafu ni 0.6, maana yake jumla ya sakafu zote, za chini na za juu, isizidi asilimia 60 ya ukubwa wa kiwanja. Kiwanja cha zamani peke yake kinakupa sakafu 5,400. Vikiunganishwa vyote, 7,200. Sasa hivi labda mna sakafu 3,100 kwa watoto 380, ni kama 8.2 kwa mtoto. Watoto 720 kwa kiwango hichohicho wanataka karibu 5,900, ongeza ukumbi wa 1,000 unafika 6,900. Ukiangalia vizuri, bila kuunganisha hati hata madarasa peke yake hayaenei, na ukiunganisha unabakiwa na mita 300 hivi, hizo ni maabara mbili na stoo, basi, miaka 20 imeisha. Na hapo sijatoa umbali kutoka mpakani, sijatoa paking, sijatoa asilimia ya ardhi inayotakiwa kubaki bila jengo. Kwahiyo swali la kwanza kwa mpimaji na wakili ni hili, hizo hati tatu zinaunganika? Na zile mbili za nyumba zina masharti gani ndani yake? Kwasababu masharti ya hati ni kitu kingine kabisa na zoni, halmashauri inaweza kukubali shule na hati bado ikasema makazi ya familia moja tu, na mwenye haki ya kuidai hiyo akaja mahakamani baada ya nguzo kusimama.

Magari sasa. Chukulia asilimia 60 ya watoto wanaletwa na gari binafsi na kila gari lina mtoto mmoja na nusu kwa wastani. Leo hayo ni magari 152. Mkifika 720 ni magari 288. Asubuhi siyo mbaya sana, mzazi anashusha anaondoka, yakija kumi kwa dakika na kila moja likasimama dakika moja unahitaji nafasi kumi za kushushia na mtu mwenye filimbi. Mchana ndo balaa, na watu wengi hawalijui hili mpaka liwatokee: mzazi anakuja MAPEMA anasubiri. Magari kumi kwa dakika, kila moja likikaa wastani wa dakika kumi, una magari karibu 100 yamesimama kwa wakati mmoja, na kila gari na nafasi yake linakula kama mita saba za barabara. Hiyo ni foleni ya mita 700! Geti lenu lina njia ya ndani ya mita ngapi? Ishirini? Thelathini? Zilizobaki zote ziko mbele ya nyumba ya yule bwana mwenye simu, zimeziba geti lake.

Lakini angalia na upande wa pili wa hesabu hiyohiyo, kwasababu hapa ndo penye mlango wenu. Mkiweka mabasi ya shule na kutembea kwa makundi mkashusha wanaokuja na gari binafsi kutoka asilimia 60 mpaka 35, watoto 720 wanaleta magari 168, karibu sawa na ya leo. Umenielewa? Mnaweza kwenda mbele ya bodi ya zoni na kusema tunaomba kuongeza watoto mara mbili kasoro kidogo, ila magari yatabaki karibu yaleyale, na tuko tayari mtuhesabu kila mwaka, tukizidi namba ya watoto isipande awamu inayofuata. Hiyo ni lugha ambayo afisa mipango anaweza kuitetea na jirani anaweza kuihakiki mwenyewe na simu yake. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya hivi na nakwambia kuahidi "tutawaelimisha wazazi" hakujawahi kumtuliza mtu hata mmoja.

Nirudi kwa mkandarasi. Ushauri wake wa jengo mojamoja siwezi kusema ni ujinga, una mantiki yake, na kwa shule inayotaka maabara moja tu na hakuna mtoto anayeongezeka ningesema endelea, usijitafutie makuu. Kwenu nyie haufai. Kwanza kila ombi ni kikao kipya na majirani walewale wakiwa na hasira zaidi, na mara ya tatu hivi mtu atasimama aseme hawa wanatuficha mpango wao, na atakuwa hajakosea. Pili mnaweza kutumia sakafu yenu iliyobaki kwenye bwalo mkakosa ya madarasa. Tatu mamlaka nyingi zikigundua mmekata kitu kimoja vipande vipande ili kikwepe tathmini ya trafiki au mazingira zina uwezo wa kukitazama chote kwa pamoja, na hapo mnaanza na sifa mbaya. Mkandarasi anapata kazi mwezi ujao, hilo nalo liweke akilini unapomsikiliza.

Njia mbadala ni mpango mkuu wa kampasi. Boston wana utaratibu wa hivo kwa taasisi kubwa tangu 1996, Seattle wanao kwa vyuo na hospitali kubwa, na Washington wameuweka wazi kwa shule pia. Unachora mpaka wa kampasi, unaandika jumla ya sakafu, urefu wa jengo kila upande (chini karibu na majirani, juu katikati), awamu, namba ya wanafunzi kwa kila awamu, usimamizi wa magari, halafu ukikubaliwa kila jengo linalofuata mpango linapita kwa njia fupi. Faida ni uhakika. Hasara nazo zipo nyingi na sitaki uzisikie baadaye. Ni gharama, unalipa mpimaji, mhandisi wa trafiki, msanifu, wakili kabla hujapanga tofali. Inachukua muda, mwaka siyo ajabu. Na inawafunga: mkiandika ukumbi wa watu 400 halafu mkataka bwawa la kuogelea mnarudi mwanzo. Ruhusa nazo zinaisha, England kwa kawaida ni miaka mitatu kama hujaanza kujenga, sehemu zingine hata mpango wenyewe una miaka yake, kwahiyo usidhani ukishapitishwa leo umepata miaka 20 ya kulala. Omba awamu zenye muda wake na uulize mapema haki yako inakomaa lini, ukishachimba msingi, au ukishamaliza awamu ya kwanza, kila mahali pana jibu lake.

Kubadilisha zoni yenyewe, nako kupo. Ni uamuzi wa kisiasa, madiwani wanapiga kura, na kwa viwanja vitatu katikati ya makazi itaonekana mmependelewa. Ningeiacha iwe ya mwisho. Kuomba kulegezewa sharti moja, mfano umbali wa mpakani upungue mita moja kwasababu kiwanja kimekaa vibaya, ni sawa kwa mambo madogo, ila ule msamaha kwa kawaida unataka shida itokane na ardhi yenyewe. "Tunataka watoto wengi zaidi" siyo shida ya ardhi.

Kuhusu uwanja wenye taa, tenganisha. Nasema hivi kwa uzoefu, taa na spika zinaua maombi mazuri. Jirani anaweza kuvumilia darasa la ghorofa mbili saa nne asubuhi, hawezi kuvumilia mechi saa mbili usiku na spika inaita majina. Na ule ukumbi mkisema tu utakodishwa wikiendi kwa sherehe, mmeshaacha kuwa shule kwenye macho ya sheria, mmekuwa na biashara ya ukumbi kwenye makazi. Kama mnataka kukodisha, semeni kabisa ni siku ngapi kwa mwaka na mwisho saa ngapi. Kama hamtaki, jifungieni wenyewe kwa maandishi, itawapa uaminifu bure.

Kingine ambacho majirani hawakisemi kwenye kikao ila ndo kinawanyima usingizi: mtanunua mpaka wapi? Nyumba mbili mwaka jana, mbili tena mwaka kesho? Kila mwenye nyumba anajiuliza kama ataishi jirani na watu au jirani na fensi. Mkichora mstari kwenye mpango na kusema nje ya hapa hatutaomba matumizi ya shule kwa miaka yote ya mpango, utashangaa joto linavyoshuka. Bodi za shule huwa hazipendi kutoa hiyo ahadi, wanaona wanajinyima. Mimi naona ndo kitu cha thamani kubwa mlichonacho mkononi na hakiwagharimu hata tofali.

Sasa cha kufanya ana kwa ana, maana mimi hapa sijaona hati wala ramani yenu. Nendeni ofisi ya mipango miji muombe kikao cha awali kabla ya maombi, sehemu nyingi wanakubali na mara nyingi ni bure au ada ndogo, mpeleke mchoro wa penseli tu, msipeleke michoro ya mwisho iliyolipiwa. Ulizeni kwa maandishi, shule yetu leo inatambulika kama nini, kwa kibali gani, na kina namba ya wanafunzi? Shule nyingi za zamani zina kibali kimesahaulika kwenye faili chenye namba ndogo kuliko watoto waliopo, na kama mmeshaivuka basi wakili wa mambo ya ardhi anahitajika KABLA ya hicho kikao, siyo baada. Wakili pia kwa zile hati. Mhandisi wa trafiki mwajirini nyie wenyewe ahesabu magari mchana wa siku ya kawaida, msichague siku ya mtihani shule ikiwa nusu, watajua.

Yule jirani mtembeleeni, mwenyekiti na mkuu wa shule, bila mwanasheria, na muombe muone hizo picha zake. Atakuwa na data nzuri kuliko yenu.

Na hilo bwalo mnalotaka kuanza mwezi ujao, lisimamisheni kwanza. Kama liko kwenye kiwanja cha zamani pengine litapita, kama liko kwenye moja ya zile nyumba mbili litawaharibia yote yaliyobaki.